Kutoka nta hadi asali: Tabora ilivyogeuza biashara ya nyuki

Kwa muda mrefu Tabora iliuza nta, asali ikabaki nyumbani. Asali ililiwa na ugali, ikatibu kikohozi, na nyingi ikaishia kwenye vyungu vya wanzuki, pombe ya asali. Sababu ni usafirishaji. Kutoka Unyanyembe, eneo la Tabora, hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 800, na mpagazi alibeba frasila mbili hivi, yaani kilo 32. Asali humwagika na huchacha ikiingia maji. Nta ni kavu, haiozi, hubebwa kama jiwe, na kiasi kidogo tu kina thamani kubwa. Hata reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912, desturi hiyo haikuisha mara moja.

Ufundi wenyewe wa kufuga nyuki ulikuwapo tayari. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh (Tabora ya leo) Novemba 1857, aliandika habari za mizinga ya magogo iliyotundikwa mitini. Mzinga wa gogo la mninga hudumu miaka mingi. Wa gome ni wa haraka zaidi. Mvua zikikolea, gome la mti wa muba hubanduka kwa urahisi. Fundi huchagua mti ulionyooka, hukata duara juu na chini, hupasua mstari mmoja wa wima, kisha hulivua gome zima. Mpasuko hushonwa kwa vijiti vya mti mgumu, ncha huzibwa kwa nyasi, linaachwa tundu la nyuki. Mti uliovuliwa gome pande zote hufa, na huo ndio udhaifu mkubwa wa mzinga huu.

Hata hivyo watu wengi wanaudharau bila kuuelewa. Katika mzinga mrefu uliolala, nyuki huweka watoto karibu na tundu la kuingilia, na asali huihifadhi mbali nalo. Mrinaji hodari hufungua ncha ya nyuma, hukata masega ya asali tu, na hukoma mara anapoona ya watoto. Kundi linabaki hai na msimu ujao linajaza tena. Mzinga wa kisasa wenye fremu hurahisisha ukaguzi, lakini hauifanyi asali iwe safi peke yake. Kinachoamua ni mkono wa mrinaji.

Mabadiliko makubwa, kwa maoni yangu, yalitokea baada ya masega kushushwa kutoka mtini. Serikali ya Tanganyika ilianzisha kitengo cha ufugaji nyuki mwaka 1949, na ofisa wake, F. G. Smith, aliwachunguza nyuki wa misitu ya miombo na kuchapisha kitabu juu ya ufugaji wa nyuki wa nchi za joto mwaka 1960. Miaka hiyo ya 1960 wafugaji wa Tabora walikuwa na chama chao cha ushirika, na Kipalapala, karibu na mji wa Tabora, ikawa mahali pa kuchakatia asali. Asali sasa ilitafutiwa soko kama nta.

Soko hilo lina masharti. Masega yaliyofunikwa kwa nta yameiva: nyuki wenyewe wamepunguza maji. Yasiyofunikwa yana maji mengi na yatachachisha ndoo nzima. Yenye watoto au chavua huleta uchungu na tope. Zamani yote yaliingia chombo kimoja, kwa sababu shabaha ilikuwa nta, na nta haijali. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuyatenga palepale chini ya mti. Ya pili ni kuchuja kwa kitambaa, asali ishuke yenyewe bila kuminywa. Ya tatu ni kuuweka moto mbali. Viwango vya kimataifa huruhusu maji yasiyozidi asilimia 20, na pia hupima kemikali ya HMF, inayoongezeka asali ikichemshwa: kikomo ni miligramu 80 kwa kilo kwa asali ya nchi za joto, 40 kwa nyingine. Sufuria moja jikoni inaweza kuharibu kazi ya msimu. Debe la bati nalo liachwe, kwa kuwa asali ina asidi na hula chuma.

Nta haikutupwa. Masega yaliyochujwa hulowekwa, huchemshwa kwa maji, hukamuliwa kwenye gunia. Nta huelea na kuganda. Kwa kila kilo 10 hadi 15 za asali hupatikana takribani kilo 1.

Yote haya yanategemea miombo. Misitu ya Urambo, mkoani Tabora, ilifyekwa kwa mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947, kisha tumbaku ikaja na mabani yake ya kukaushia yanayokula kuni. Anayemgawia mfugaji mizinga huku msitu unakatwa hajamsaidia.

Nawe mnunuzi, chukua mizani. Ndoo ya lita 20 iliyojaa asali iliyoiva, ukitoa uzito wa ndoo, hukaribia kilo 28. Ikisoma 27, usiinunue: ina maji mengi mno.