Makombo ya Syd Barrett: Kuhusu Mapenzi ya Wasikilizaji kwa Santuri ya Opel

Opel (1988) ni mkusanyiko wa rekodi 14 za Mwingereza Syd Barrett, mmoja wa waasisi wa Pink Floyd, zilizofanywa baina ya 1968 na 1970. Nyingi ziliachwa nje ya santuri zake mbili za 1970. Kwa nini basi wapenzi wa muziki huu wa saikedelia huyaenzi makombo, pengine kuliko karamu yenyewe? Wapo wanaodai kuwa ni huruma tu kwa msanii aliyedhoofika akili. Kwamba tunasikiliza ugonjwa, wala si sanaa.

Dai hili halitoshi. Katika "Word Song" maneno yamefuatana kwa mvuto wa sauti zake pasipo sentensi: sintaksia imeondolewa, mapigo yamebaki. Huo ni uteuzi, si ajali. "Clowns and Jugglers" ni umbo la awali la "Octopus", na sisi tuliozoea kulinganisha miswada ya Al-Inkishafi twajua kuwa toleo lililosafishwa si lazima liwe bora. Shairi la James Joyce, "Golden Hair", limo mara mbili. Mara ya pili bila maneno, lahani peke yake. ("Lanky", nayo haina maneno, inachosha, mimi huiruka.)

Hata hivyo, hoja ya huruma haifi yote. Katika wimbo uliobeba jina la santuri, Barrett yu peke yake na gitaa, na sauti inapoelemewa mwishoni, sikio la mhakiki haliwezi kutenga kabisa mbinu na maumivu.