Maharage Mazuri Hujulikana Kabla ya Kuungwa

Anayetaka kujua kama sufuria ya maharage mekundu imepikwa vizuri aionje kabla haijaungwa. Achote mchuzi mtupu usio na kitunguu, nyanya wala nazi, atie chembe mbili tatu za chumvi, kisha anywe. Mchuzi huo ukiwa na uzito wake na utamu unaobaki mdomoni, mpishi amekwisha kushinda, na atakachoongeza baadaye kitakuwa nyongeza juu ya chakula kizuri. Ukiwa maji mekundu tu yasiyo na ladha, hakuna karoti, hoho wala pakiti ya viungo itakayouokoa. Hata hivyo watu wengi huyasifu maharage kwa yale yaliyoingia sufuriani mwisho: yameungwa kwa nazi, yamejaa nyanya, yananukia kitunguu saumu. Hoja yangu ni kwamba ubora wa maharage huamuliwa katika hatua tatu zinazotangulia hayo yote, yaani kununua, kuloweka na kuchemsha, na kwamba mtu yeyote anaweza kujifunza kuutambua kwa jicho, vidole na ulimi.

Tuanze sokoni. Mnunuzi huuliza bei, kisha aina: Lyamungu 90 yenye madoa mekundu, Uyole 96 iliyokoza wekundu, au kwa upande wa Kenya, Rosecoco na Wairimu. Ni maswali ya haki, kwa kuwa punje kubwa na punje ndogo haziivi sawa wala hazitoi mchuzi mmoja. Lakini swali zito zaidi huwa halitajwi: yamevunwa lini, na yamekaa wapi tangu hapo? Ndani ya punje, seli zimeshikanishwa na pektini, na kuiva maana yake ni pektini hiyo kuyeyuka ili seli ziachane. Maharage yakikaa miezi mingi kwenye joto na unyevu, kalsiamu na magnesiamu zilizomo ndani ya punje huishika pektini hiyo isiyeyuke tena. Hapo ndipo yanapopatikana yale maharage yanayochemshwa mchana kutwa na bado yakasaga kama mchanga mdomoni. Gunia lililokaa kwa muda mrefu kwenye ghala la Dar es Salaam huzeeka mapema kuliko lililohifadhiwa kwenye ubaridi wa Mbeya, hata kama yote mawili yalitoka shamba moja. Mpishi anayelaumiwa kwa ugumu wa maharage ya namna hiyo mara nyingi hana hatia.

Upya wa maharage huonekana. Ganda la punje mpya hung'aa na rangi yake ni hai. Ya zamani hufifia mng'ao na wekundu wake huelekea kwenye kahawia. Chota kiganja kizima, usitazame tabaka la juu la gunia peke yake, uangalie kama punje zinafanana kwa rangi na ukubwa. Kiganja chenye punje zinazong'aa zikiwa pamoja na zilizofubaa kinaonyesha kwamba mzigo mpya umechanganywa na wa zamani, na hilo ni kosa kubwa kuliko uzee wenyewe, kwa kuwa nusu ya sufuria itapasuka huku nusu nyingine ikiwa bado ngumu. Matundu madogo ya mviringo ni kazi ya fukusi. Punje moja moja unaweza kuzichambua na kuzitupa. Zikiwa nyingi, hama meza. Kama una chaguo, nunua aina moja, kutoka mzigo mmoja, karibu na msimu wa mavuno. Maharage madogo ya bei nafuu yaliyovunwa msimu huu yatashinda makubwa ya bei ya juu yaliyolala ghalani.

Kuloweka ni kipimo cha pili, na kinafanya kazi mbili. Maharage mazuri yaliyolala ndani ya maji usiku mmoja hukaribia kuongezeka uzito mara mbili, kwa hiyo nusu kilo huwa karibu kilo nzima. Asubuhi, punje zilizobaki ndogo, ngumu na zenye ganda lisilokunjuka hazikunywa maji, na ni heri kuziondoa kuliko kukutana nazo mezani. Maji ya kulowekea yakitiwa chumvi, yapata kijiko cha chai kwa kila lita, ganda hulainika zaidi, kwa sababu sodiamu hukaa mahali pa sehemu ya kalsiamu na magnesiamu iliyolikaza. Wapishi wengi wameonywa kwamba chumvi hufanya maharage yasiive, lakini ikitumika hivi huyasaidia. Maji hayo ya kulowekea yamwagwe. Yamechukua sehemu ya sukari zinazofanya tumbo lijae gesi, na hayana faida kubwa kwa ladha.

Kisha yapikwe kwa maji mapya, na hapa mambo mawili hayana mjadala. La kwanza ni usalama. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili iitwayo faitohemaglutinini, na punje chache tu zisizoiva zinatosha kumfanya mtu atapike na kuharisha ndani ya saa chache. Sumu hiyo huharibiwa na mchemko wa kweli, si joto la uvuguvugu, kwa hiyo maji yatokote kwa nguvu angalau dakika kumi, na nusu saa ni salama zaidi. Anayetumia kikapu cha kuhifadhia joto achemshe kwanza hivyo kabla ya kufunika. La pili ni subira. Baada ya mchemko huo wa mwanzo moto upunguzwe, maji yacheze kidogo tu juu ya punje, kwa kuwa mtokoto mkali usiokoma huzigonganisha, ganda likapasuka na kuelea kabla kiini hakijaiva. Maji ya kuongeza yawe ya moto, tena kidogo kidogo. Polepole wanga na pektini hutoka kwenye punje na kuingia kwenye maji, na mchuzi huanza kushika. Uzito huo haununuliwi dukani. Ndiyo sababu anayejaza maji tele tangu mwanzo, kisha akayamwaga maharage yakiiva, huwa amemwaga nusu ya chakula chake.

Sasa vipimo vyenyewe. Chukua punje tano kutoka sehemu tano za sufuria: chini, juu, katikati na kando mbili. Bonyeza kila moja kati ya ulimi na kaakaa, bila meno. Zote tano zikilegea, ndani pakiwa laini pasipo chenga, maharage yameiva. Nne zikilegea na moja ikakataa, bado. Halafu bana punje moja kwa kidole gumba na cha shahada: ganda lipasuke pamoja na kiini. Likichomoka zima na kuacha kiini kikiwa uchi, ama moto ulikuwa mkali au magadi yalizidi. Mwisho, mimina upawa mmoja kwenye sahani nyeupe, uinamishe sahani. Mchuzi mzuri hutembea taratibu na kuacha utando mwekundu nyuma yake. Mchuzi mbaya hujitenga, maji yakakimbilia ukingoni na punje zikabaki peke yao katikati. Mlaji wa ugali hukijua kipimo hiki bila kufundishwa: tonge lililochovywa linapaswa kufika mdomoni likiwa bado limevaa mchuzi.

Ni baada ya kufaulu vipimo hivi ndipo maharage huungwa, na mpangilio huu una sababu. Nyanya, ndimu na ukwaju vina asidi, na asidi huzuia pektini isiyeyuke. Maharage yaliyoungwa kwa nyanya kabla hayajalainika yatabaki vilevile hata yakikaa motoni hadi jioni. Kwa maneno mengine, kuunga hufunga mlango: kosa lililokuwemo sufuriani hufungiwa ndani. Mwenye maharage mazuri huhitaji vitu vichache. Kitunguu kikaangwe polepole mpaka kiwe na rangi ya dhahabu, nyanya ipikwe mpaka mafuta yajitenge, kisha yote yaingie kwenye maharage yakiwa na mchuzi wake na yachemke pamoja dakika kumi au kumi na tano. Ponda upawa mmoja wa punje kwenye ukingo wa sufuria uzikoroge. Unga wa ngano wa kukaza mchuzi ni kukiri kwamba maharage hayakutoa cha kwao.

Mtu wa pwani atapinga kwamba kwake maharage bila nazi hayana jina, na kwamba kuyahukumu yakiwa matupu ni kutumia mizani ya bara. Pingamizi hilo lina uzito, maana maharage ya nazi yaliyopikwa na mjuzi ni miongoni mwa vyakula bora vya ukanda huu. Lakini tazama mjuzi huyo anavyofanya kazi. Hachemshi maharage magumu ndani ya tui. Huyaivisha kwanza kwa maji, akatia tui jepesi yakiwa yamelainika, na tui zito akalihifadhi mpaka mwisho, moto ukiwa mdogo, akikoroga lisikatike. Tui linapokutana na mchuzi uliokwisha kushika, viwili hivyo huwa kitu kimoja. Linapotiwa kwenye punje ambazo maji yake yamemwagwa, unakula nazi kwanza, halafu maharage. Kwa hiyo nazi nayo inatoa ushahidi uleule.

Pingamizi la pili ni la gharama, na hili ni zito kuliko la nazi. Mkaa na gesi ni ghali, na mama mwenye watoto wanaosubiri hawezi kukesha na sufuria. Wengi hukimbilia magadi, na ni kweli kwamba magadi huyeyusha pektini upesi. Yakizidi, huleta ladha ya sabuni, huvunjavunja maganda na kuharibu vitamini B1, ambayo maharage yana kiasi kizuri chake. Kwa maharage makongwe sana, chembe kidogo ya magadi inasameheka. Kwa maharage mapya ni hasara tupu. Njia ya kwanza ya kupunguza moto ni kuloweka, ambako hakugharimu chochote ila kukumbuka tangu jana. Ya pili ni sufuria ya presha, ambayo joto lake hupita nyuzi 100 na hupunguza muda kwa kiasi kikubwa. Anayesema presha huharibu maharage kwa kawaida ameifungua kwa haraka: mvuke ukiachiwa ghafla, maji ya ndani hutokota kwa fujo na punje hupasuka. Iachwe itulie yenyewe, kisha mchuzi upunguzwe bila mfuniko kwa dakika chache. Nyumba inayopika maharage ya siku mbili au tatu kwa mkupuo mmoja, ikaunga ya kila siku peke yake, itatumia moto mdogo zaidi na kula vizuri zaidi.

Kipimo hikihiki kinafika hata kwenye makande ya Kilimanjaro na githeri ya Kenya, ambako maharage hukutana na mahindi. Mahindi makavu huchelewa, kwa hiyo mpishi mzuri huyatanguliza ili vyote viwili viive kwa wakati mmoja. Makande ambayo mahindi yake yanagoma huku maharage yamekuwa uji yamekosewa, hata yakiungwa kwa siagi. Maharage yamezoeleka kuwa chakula cha bweni na cha mwisho wa mwezi, na kwa sababu hiyo hayapewi uangalifu anaopewa samaki au pilau. Naona hilo ni kosa letu sisi walaji. Tunapoacha kuyadai mazuri, mfanyabiashara hana sababu ya kutenganisha mzigo mpya na wa zamani, wala mpishi hana sababu ya kuloweka. Muulize muuzaji mwezi wa mavuno, na akishindwa kujibu, nunua robo kilo tu ukaijaribu. Ukipata anayejibu kwa uhakika na punje zake zikaiva sawasawa, rudi kwake kila msimu, hata kama bei yake imezidi kidogo ile ya jirani yake. Kiasi hicho utakirudisha kwenye mkaa.