Ruhusa ya Kuacha Vizio

Likizo ikifika, meza za chakula katika nyumba nyingi za mtaa wa Fedha, Embakasi, hugeuka madawati ya tuisheni. Mada ya vipeo na logi, iliyofunzwa kidato cha pili, humfuata mwanafunzi hadi mtihani wa KCSE. Wengi wameikariri kanuni: fanya vizio, yaani namba zinazobeba vipeo, viwe sawa pande zote, kisha viache. Kanuni ni sahihi. Kinachokosekana ni sababu yake, na hapo ndipo alama zinapopotelea.

Chukua 8ˣ⁻¹ = 4ˣ⁺². Namba tasa iliyozaa 8 na 4 ni ileile, 2: 8 ni 2³, 4 ni 2². Kizio kikishakuwa 2 pande zote, vipeo ni 3(x − 1) na 2(x + 2). Basi 3x − 3 = 2x + 4, na x ni 7. Hakikisha: 8⁶ na 4⁹ zote ni 262,144. Asiyeweka mabano huandika 3x − 1 = 2x + 2, akapata 3. Angelirudisha jibu hilo kwenye swali angeona 64 upande huu na 1,024 upande ule.

Lakini nani katuruhusu kuacha vizio? Ruhusa inatokana na tabia ya 2ˣ: x ikipanda, nayo hupanda bila kurudi nyuma, kwa hiyo haifiki thamani moja mara mbili. Kizio kikiwa 1, ruhusa imekwisha, maana 1³ na 1⁸ ni sawa ilhali 3 si 8.

Anayeelewa hilo hatelezi kwenye 9ˣ⁺¹ + 3²ˣ = 30. Ruhusa ni ya kizio kimoja chenye kipeo kimoja kila upande. Hapa kuna jumla, na vipeo havijumlishwi. Ila 3²ˣ ni 9ˣ, na 9ˣ⁺¹ ni 9ˣ mara tisa. Zikiungana ni 9ˣ mara kumi, kwa hiyo 9ˣ = 3, yaani 3²ˣ = 3¹, na x ni ½. Swali hili, kwangu, lapima uelewa kuliko maswali kumi ya aina ya kwanza.

Kwa 2ˣ = 5 hakuna kizio cha pamoja kilicho wazi. Hapo ni logi: logi ya 5, 0.6990, gawanya kwa logi ya 2, 0.3010, upate karibu 2.32. Maagizo ya KCSE huruhusu kikokotoo na majedwali isipokuwa swali likikataza. Likikataza, mtahiniwa aanze mara moja kutafuta kizio cha pamoja.