Ufundi wa Kutoa Ushuhuda

Kuna mtu akisimama kanisani kutoa ushuhuda, waumini wote wanajua wali wa mchana utapoa. Ataanza na "Bwana Yesu asifiwe" mara tatu, kwa kuwa amina ya kwanza haikumridhisha. Atamshukuru mchungaji na mama mchungaji, atasimulia safari nzima ya basi tangu Singida, kisha ataingia kwenye mahubiri ambayo hakuna aliyemwomba. Na kuna mwingine, pengine mama mmoja wa benchi la nyuma, anayeinuka na kusema kwamba juzi alimsengenya jirani yake, dhamiri ikamsuta, jana akaenda kumwomba radhi, na leo anaomba ndugu wamwombee asirudie. Basi. Anaketi. Hapo ndipo utasikia kanisa likinyamaza, kila mtu akimkumbuka jirani yake mwenyewe.

Huyu wa pili ni fundi, na ufundi wake una historia katika nchi zetu. Hata ile salamu ya "Bwana asifiwe" ilienezwa sana na watu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, wale ambao Waganda waliwaita Balokole na sisi tukawaita walokole. Septemba 1929, katika kilima cha Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church alikutana na Mganda Simeon Nsibambi, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Church alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni huko Gahini, Rwanda. Hapo Gahini ndipo moto ulipowaka miaka ya 1930, ukavuka kwenda Uganda na Burundi, ukafika Kabete, Kenya, mwaka 1937, na ukaingia Tanganyika kupitia upande wa Bukoba.

Ninayempenda zaidi katika habari hizi ni Yosiya Kinuka, mtumishi wa hospitali ile. Alikwenda Kampala kumwona Nsibambi, na alipoulizwa habari za kazini akamwaga malalamiko yote: hospitali inakwenda vibaya, watu hawaelewani. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamwambia kwamba shida imo moyoni mwake yeye Kinuka. Nani kati yetu angekubali jibu la namna hiyo? Kinuka alirudi Gahini akiwa mtu mwingine, akaanza kusema habari za dhambi yake mbele ya wale wale aliokuwa akiwalalamikia.

Walokole waliifanya kazi hiyo kuwa desturi ya kila wiki. Katika ushirika wao mtu alisimama akasema alipojikwaa, kwa lugha ya kawaida, na wenzake wakampokea kwa wimbo wa Tukutendereza. Waliita jambo hilo kutembea nuruni, wakifuata waraka wa kwanza wa Yohana. Na desturi ikifanywa miaka mingi huzaa kanuni, hata pasipo mtu wa kuziandika.

Kanuni kubwa ni kukitaja kitu chenyewe. Anayesema "mimi ni mwenye dhambi kama wote" hajasema neno, maana amejificha katikati ya umati. Anayesema alichukua mabati mawili ya shule akaezekea banda la kuku, huyo amesema, na kesho mwalimu mkuu atayaona mabati yakirudi. Zakayo alilijua hilo. Aliposimama mbele ya Yesu hakutoa hotuba kuhusu maovu ya watoza ushuru wa Yeriko. Alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne.

Fundi pia husema yake tu. Kama alikunywa pombe na wenzake watatu, hao watatu hawamo katika ushuhuda wake. Wengi huvunjika hapa, na nimeona ndoa zikitetereka kwa sababu mume alijitakasa hadharani kwa kumvua nguo mwanamke asiyekuwapo. Dhambi ya mwili hutajwa kwa kifupi, bila picha. Na ushuhuda uwe mbichi. Yapo makanisa ambako mzee anarudia kila Jumapili habari ya alivyookoka enzi za ujana wake, vituo vile vile na machozi mahali pale pale. Tunampenda mzee wetu, lakini tungependa kujua Bwana amemfanyia nini tangu Jumatatu.

Siku hizi nguvu ya maneno imehamia kwingine. Tunatamka. Tunatamka ndoa, tunatamka kiwanja, tunakataa umaskini kwa jina la Yesu na kupokea visa kabla ubalozi haujafungua milango. Mafundisho hayo yametoka mbali, kwa Wamarekani kama E. W. Kenyon na Kenneth Hagin, na sitayacheka yote. Biblia inaanza na Mungu anayeumba kwa kunena, na Mithali inaweka uhai na mauti mikononi mwa ulimi. Mgonjwa aliyekata tamaa akisikia neno la imani, huinua kichwa. Kasoro ninayoiona ni kwamba anayetamka gari la kesho halipi chochote leo. Yule mama wa benchi la nyuma amelipa. Amelipa kwa heshima yake mbele ya watu wanaomjua, na ndiyo maana neno lake lina uzito.

Na ulimi uliozoea kusema kweli juu ya nafsi yake hautetemeki kirahisi mbele ya wakubwa. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha Bishop Tucker, Mukono, walifukuzwa, William Nagenda akiwa miongoni mwao, kwa kuwa hawakuacha kuamka alfajiri kuomba na kukemea dhambi walizoziona chuoni. Wakati wa vita vya Mau Mau, walokole wengi wa Kenya ya Kati walikataa kiapo, na wengi wao walikataa pia bunduki za serikali. Walisema hivyo waziwazi, na baadhi yao waliuawa.

Janani Luwum aliokoka katika Uamsho huo, Januari 1948, huko Acholi. Februari 1977, akiwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji. Luwum aliuawa tarehe 16 ya mwezi huo. Sidhani barua ile iliandikwa na watu waliojifunza ujasiri siku hiyo. Naona miaka ya ushirika nyuma yake: watu waliokwisha kutaja hadharani wivu wao na uongo wao mdogo, wakabaki hawana siri ambayo mtawala angeweza kuwatishia nayo.

Makanisa mengi ya mjini sasa yameondoa ushuhuda kwenye ratiba. Matangazo yamerefuka, kwaya ni nne, kuna mnada wa kuku na harambee ya kiwanja, na ibada ya pili inasubiri nje. Wachungaji, tunawaelewa. Lakini punguzeni matangazo, mtupe hata dakika kumi. Na wewe utakayesimama, sema lako, litaje kwa jina lake, kisha uketi.