Uzi wa Chungwa Ukingoni mwa Trei

Kwa mwanga wa nanomita 1310, mkongo wa nyuzi za kioo ulionekana mzima. Tulipopima kwa 1550, mstari kwenye skrini ya kipimo ukaanguka ghafla palepale penye kasha la maungio. Tofauti hiyo ilinitosha kujua kuwa tatizo ni mpindo, si maungio. Uzi ulioungwa vibaya kwa kawaida hupoteza mwanga kwa kiasi kinachokaribiana katika vipimo vyote viwili. Uliopindwa kupita kiasi huumia zaidi kwenye 1550, kwa sababu mwanga huo haushikwi barabara na kiini cha kioo. Ukikuta kona kali, huvuja.

Tukafungua kasha. Maungio yalikuwa safi, kila moja ndani ya mrija wake wa kinga wa milimita 60 wenye kijiti cha chuma. Ila uzi mmoja wa chungwa ulikuwa umepita nje ya kishikio, na kifuniko cha trei kimeubana ukingoni.

Hapa ndipo kazi nzuri huharibika, na inaniuma. Mashine ya kuunga huyeyusha ncha mbili kwa sekunde chache, basi fundi anahesabu amemaliza. Kumbe kioo chenyewe kina kipenyo cha mikromita 125 tu, na pale kilipovuliwa ganda hakivumilii kuguswa. Ndiyo maana mrija huvishwa kabla ya kuunga, kisha hupashwa moto unywee. Ukiusahau, unakata na kuanza upya.

Kinachochukua muda ni kupanga. Kila upande huachiwa uzi wa ziada, kama mita moja, ili maungio yafike mashineni leo na hata siku ya kurekebisha. Uzi huo huzungushwa taratibu ukutani mwa trei. Kwa nyuzi za kawaida za G.652 sikubali duara lenye nusu kipenyo chini ya milimita 30. Ukitaka kujisokota, usiulazimishe: ugeuze kwa umbo la nane. Mirija hulala kwenye vijaluba vyake kwa mfuatano wa rangi, buluu, chungwa, kijani, kahawia, ili atakayekuja usiku wa mvua asibahatishe.

Na fimbo ya nguvu iliyomo ndani ya kebo ikazwe kwa skrubu kwenye kasha kabla ya yote. Isipokazwa, kebo ikivutwa huko nje, nyuzi ndizo zinazobeba mzigo.

Uzi wa chungwa tuliulegeza kwa kidole, tukaurudisha ndani ya kishikio. Hatukukata kitu. Tulipopima tena kwa 1550, mstari ulikuwa umenyooka.