Namna The Sundays walivyozipigia gitaa kero za kila siku

Katika albamu Reading, Writing and Arithmetic ya bendi ya Uingereza The Sundays kuna wimbo uitwao My Finest Hour. Kwa jina hilo utangoja habari za ushindi mkubwa. Kumbe mwimbaji wao, Harriet Wheeler, anaimba kuhusu kuokota pauni moja kwenye treni ya chini ya ardhi. Albamu yote, iliyotoka mwaka 1990, imejengwa hivyo: mambo ni madogo, lakini muziki hauyadharau.

Kazi kubwa inafanywa na gitaa la David Gavurin. Mara nyingi hapigi kodi nzima kwa mkupuo. Anaidonoa uzi baada ya uzi, na kila uzi anauacha uendelee kulia huku mwingine ukiingia, mpaka noti zinapandana. Mpenzi wa muziki wa dansi ataikumbuka second solo, gitaa linalozungusha vifungu vifupi bila kuchoka wala kutafuta sifa. Ila Gavurin huziongezea noti zake mwangwi ili zikawie hewani. Bendi ilikuwa na mpiga gitaa mmoja tu, kwa hiyo studioni, chini ya prodyuza Ray Shulman, magitaa yamerekodiwa kwa tabaka. Katika Here's Where the Story Ends, gitaa kavu linashikilia mwendo na la umeme linameremeta juu yake.

Wheeler naye huanza mstari karibu kama anaongea, kisha neno la kawaida kabisa analirusha juu na kulivuta kwa noti kadhaa. Maneno yanalalamika, melodi inapaa. Angeimba kwa kilio tungemhurumia yeye. Kwa kuimba hivi, tunajiona sisi wenyewe na mwaka wetu ulioharibika, au tamaa tusiyoielewa vizuri, kama katika Can't Be Sure.

Udhaifu upo: nyimbo kadhaa zina rangi na kasi karibu ileile, na usipotulia utazichanganya.

Albamu ilifika nafasi ya 4 katika chati ya Uingereza. Lebo yake, Rough Trade, ilifilisika mwaka 1991, na albamu ikaadimika huko hadi Parlophone ilipoitoa upya mwaka 1996. Wewe unayejifunza gitaa, itafute, na usikimbilie kunakili kodi. Fuatilia kwanza mkono unaodonoa nyuzi.