Marimba ya Watu Watatu

Jioni moja nilipita kwenye mazoezi ya kwaya upande wa Nsambya, Kampala, nikamkuta mwalimu akibonyeza kitufe cha kinanda cha umeme. Ngoma ikatoka, besi ikatoka, hata makofi. Vijana waliimba vizuri tu, ila waliponyamaza makofi yakaendelea. Hapo nikamkumbuka mtunzi Joseph Kyagambiddwa.

Kilima cha Nsambya, Kabaka Mwanga aliwapa Askofu Henry Hanlon na mapadre wa Mill Hill mwaka 1895, miaka tisa tu baada ya vijana Wakristo wa jumba lake kuchomwa Namugongo kwa amri yake. Historia yetu ina mizaha ya aina hiyo. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza mashahidi 22 kuwa watakatifu, Rome, tarehe 18 Oktoba 1964, Uganda ilikuwa na mtunzi wa kuwaimbia. Oratorio ya Kyagambiddwa haikuomba ruhusa kwa Bach wala kwa Handel. Iliwasimulia mashahidi kwa Kiganda, kwa sauti tano za Kiganda na kwa ngoma, nayo tuni ilipanda na kushuka kama maneno yanavyopanda na kushuka kinywani mwa Mganda. Anayejua namna nyimbo za Ulaya zilivyotafsiriwa kanisani, neno likivutwa juu mahali linapotaka kushuka, ataelewa raha yake.

Lakini sikio la Kyagambiddwa halikutoka seminari. Lilitoka kwenye amadinda, marimba ya Kiganda, na tayari mwaka 1955 alikuwa amechapisha New York kitabu kilichoandika miziki ya marimba hiyo ili isipotee.

Mbao 12 hulazwa juu ya migomba miwili. Mbao zenyewe ni za mti wa nsambya, ule ule wanaosema ulikipa kilima jina. Wapigaji wawili huketi wakitazamana. Wa kwanza, omunazi, hupiga kwa mwendo sawa, bila mbwembwe; ukimsikia peke yake utadhani mwanafunzi. Kisha omwawuzi anaingia katikati, kila pigo lake likiangukia pale mwenzake anapoinua fimbo. Papo hapo kasi inakuwa maradufu, na kunazuka tuni ambayo hakuna mkono wowote ulioipiga.

Hapo ndipo anapohitajika wa tatu, omukoonezi. Yeye hutega sikio kwa sauti mbili za chini kabisa zinavyotokeza katika mchanganyiko ule, akazirudia juu, kwenye mbao mbili ndogo za mwisho. Mbao mbili tu! Mgeni humwona kama mtoto aliyepewa kazi ya kumtuliza. Wenyewe wanajua kwamba asiposikia sawasawa, ataharibu kila kitu. Huyo ndiye ninayempenda kuliko wote watatu. Kazi yake yote ni kusikia kile ambacho wenzake hawajui kuwa wanakipiga.

Tarehe 24 Mei 1966 jeshi lilivamia jumba la Kabaka kule Mengo, na wanamuziki wa jumbani wakatawanyika. Evaristo Muyinda, aliyepiga amadinda kwa Kabaka na kwenye jumba la makumbusho, aliendelea kufundisha yeyote aliyetaka, Mzungu au Mwafrika. Waliotaka zaidi, kwa aibu yetu, walikuwa Wazungu.

Baada yake alikuja mtunzi Justinian Tamusuza, aliyezaliwa mwaka 1951 na kufundisha Makerere. Mwaka 1988 alitunga kazi ya fidla mbili, viola na selo, Mu Kkubo Ery'Omusaalaba. Nyuzi zile ni za Ulaya, lakini zinapishana kwa adabu ya Kiganda, huyu akiingia pale yule anapoacha nafasi. Kundi la Kronos la San Francisco likarekodi sehemu yake ya kwanza katika albamu ya Pieces of Africa, mwaka 1992, ikasikika duniani kote. Hapa Kampala sijapata kuisikia redioni hata kwa bahati mbaya.

Nilimwuliza mwalimu yule wa kwaya kwa nini asilete amadinda. Akacheka. "Mzee, watatu watatoka wapi? Wawili wakifika kwa saa namshukuru Mungu." Sikumlaumu sana. Ila wanamuziki wanne wa San Francisco waliketi chini wakajifunza kusubiriana Kiganda, na sisi tunaoweza kutembea kwa miguu hadi Mengo tunasema hatuna muda.